Rangi ya kuaminika, hesabu ya kutiliwa shaka: tathmini ya kifurushi cha kupimia fosfatesi ya alkali

Kifurushi ninachokitathmini ni kile ambacho maabara nyingi za baiolojia huwa nacho jokofuni: sanduku dogo la kupimia kimeng'enya kiitwacho fosfatesi ya alkali kwa sabstreti (kemikali ambayo kimeng'enya huifanyia kazi) ya kutengenezwa, katika sahani ya visima 96. Nimeshamaliza masanduku mawili na nimefungua la tatu. Jina la mtengenezaji siliandiki, kwa kuwa ninachotaka msomaji akipate ni namna ya kukikagua kifurushi cha aina hii, awe amekinunua kwa yeyote. Hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asihangaike: vitu vilivyomo ndani ya sanduku ni vizuri sana, lakini karatasi ya maelekezo inayoambatana navyo ina kasoro kubwa, na mtu akiifuata neno kwa neno atapata jibu linalozidi kidogo tu nusu ya jibu la kweli.

Ndani ya sanduku mna vidonge vya paranitrofenili fosfeti, ambayo maabarani huandikwa pNPP. Chupa ya bafa (myeyusho unaoshikilia pH isibadilike) ya daiethanolamini yenye pH ya karibu 9.8 iliyotiwa magnesi. Chupa ya sodiamu haidroksidi ya mola 3 (yaani moli 3 katika kila lita) ya kusimamishia mmenyuko. Kichupa cha paranitrofenoli ya milimola 10 kwa ajili ya kuandaa viwango, yaani visima vyenye kiasi kinachojulikana cha kulinganishia rangi. Na kichupa cha kimeng'enya cha utumbo wa ng'ombe cha kulinganishia. Maelekezo yanataka mikrolita 50 za sampuli zichanganywe na mikrolita 150 za sabstreti ya milimola 5, zikae nusu saa, kisha zitiwe mikrolita 50 za alkali hiyo kali, na sahani isomwe kwenye nanomita 405. Naomba msomaji azikumbuke namba hizi, kwa sababu kasoro ninayoizungumzia imejificha humo humo.

Kwanza nieleze kwa nini sabstreti hii inastahili sifa. Kimeng'enya hiki kazi yake ni kung'oa kundi la fosfeti kutoka kwenye molekuli nyingine, na katika mwili wa kiumbe kazi hiyo hufanyika bila dalili yoyote ya kuonekana kwa macho. Wakemia walichofanya ni kuifunga fosfeti kwenye molekuli ya paranitrofenoli. Ikiwa imefungwa hivyo, haina rangi. Kimeng'enya kikishaikata, paranitrofenoli huachwa peke yake, na katika mazingira ya alkali hupoteza protoni na kugeuka njano iliyokolea, rangi ambayo hata mtu asiye na chombo huiona kwenye kisima. Kila molekuli ya fosfeti iliyokatwa huacha molekuli moja ya njano, kwa hiyo kuhesabu njano ni kuhesabu kazi ya kimeng'enya moja kwa moja. Myeyusho wa milimola 1 wa njano hiyo, mwanga ukiupita kwa sentimita 1, una ufyonzaji (kipimo cha mwanga unaomezwa na myeyusho) wa takriban 18.5 kwenye nanomita 405, na huo ni ufyonzaji mkubwa kwa kipimo cha rangi tupu.

Wazo lenyewe si geni. Katika miaka ya 1930 wapimaji walitumia gliserofosfeti, wakasubiri, kisha wakaanza kazi nyingine ya kemia ili kujua ni fosfeti kiasi gani imeachiliwa. King na Armstrong walitumia fenili fosfeti mwaka 1934 na kuipima fenoli iliyotoka. Mwaka 1946 Bessey, Lowry na Brock walichapisha kipimo cha seramu kinachotumia pNPP, na hapo hatua nzima ya kuongeza kemikali ya kutia rangi ikaondoka, kwani zao la mmenyuko ndilo rangi. Kifurushi kilicho mezani pangu, ukiondoa plastiki na lebo zake, ni mtoto wa kipimo hicho cha mwaka 1946.

Vidonge vyenyewe ni jambo jema kuliko myeyusho uliokwisha kutayarishwa, ambao baadhi ya watengenezaji huuza kwa kisingizio cha kurahisisha kazi. pNPP huvunjika yenyewe polepole ikiwa majini, hasa ikipata joto na mwanga, na chupa iliyofunguliwa mara nyingi huanza kuwa njano kabla kimeng'enya hakijaigusa. Kidonge kikavu kilichohifadhiwa gizani kwenye baridi hudumu. Ninachokilaumu ni kwamba kidonge huchelewa kuyeyuka, na vipande vidogo vya gundi iliyokishikilia hubaki vikielea. Vikiingia kwenye kisima hutawanya mwanga na kuongeza ufyonzaji wa uongo. Karatasi inasema kitikiswe mpaka kiyeyuke. Mimi hukiacha dakika kumi, nikakitikisa tena, kisha nikatumia myeyusho wa juu tu.

Kuna ukaguzi mmoja ambao hauhitaji kimeng'enya wala muda, na namshauri kila anayefungua sanduku jipya aufanye. Jaza kisima mikrolita 200 za sabstreti iliyoyeyushwa, usome, kisha utoe usomaji wa kisima chenye bafa pekee. Kina cha kimiminika hapo ni takriban sentimita 0.6. Ikiwa sehemu moja tu katika elfu ya sabstreti ya milimola 5 imekwisha kuvunjika, utaona ufyonzaji wa karibu 0.055. Masanduku yangu mawili ya kwanza yalikuwa chini ya kiwango hicho, na la tatu pia. Ni mafanikio ambayo mtengenezaji anastahili kupongezwa kwayo, maana sabstreti yenye njano ya tangu kiwandani humla mtumiaji usikivu wote wa sampuli dhaifu.

Sasa niingie kwenye karatasi.

Kanuni iliyochapishwa inasema: chukua ufyonzaji, toa wa kisima kisicho na kimeng'enya, gawanya kwa 18.5, zidisha kwa mikrolita 200, gawanya kwa dakika, gawanya kwa ujazo wa sampuli. Kwa mtazamo wa haraka haina tatizo, na mtu mwenye haraka ataiingiza kwenye jedwali la kompyuta na kuendelea na maisha yake. Ila namba 18.5 ni ya kyuveti, kile kichupa cha pembe nne cha kusomea mwanga, ya sentimita 1, ambamo mwanga hupita kiubavu kati ya kuta mbili zilizotengenezwa kwa umbali huo hasa. Kwenye sahani ya visima mwanga hupita kwa wima, kutoka juu kwenda chini au kinyume chake, na umbali unaoupita ni kina cha kimiminika chenyewe. Mikrolita 250 katika kisima cha kawaida chenye kitako bapa huwa na kina cha takriban sentimita 0.7. Kwa hiyo ufyonzaji ulioonekana ni sehemu saba tu katika kumi ya ule ambao kanuni inaudhania.

Kosa la pili liko kwenye 200. Huo ndio ujazo wa mmenyuko kabla haujasimamishwa, lakini usomaji unafanyika baada ya kutia mikrolita 50 za alkali, wakati ambapo njano yote imekwisha kuzimuliwa katika mikrolita 250. Ukizidisha ukolezo wa baada kwa ujazo wa kabla, umeitupa sehemu moja ya tano ya zao lako.

Chukua mfano wa kisima chenye ufyonzaji wa 0.900 baada ya kutoa usomaji wa kisima tupu, yaani kile kisicho na kimeng'enya. Kwa kanuni ya karatasi, 0.900 ikigawanywa kwa 18.5 ni milimola 0.0486, ambazo katika mikrolita 200 ni nanomoli 9.7, kwa dakika 30 na sampuli ya mikrolita 50, jibu ni uniti (kipimo cha kazi ya kimeng'enya) 6.5 kwa lita. Ukirekebisha kina na ujazo, ukolezo ni milimola 0.0695, nanomoli ni 17.4, na jibu ni uniti 11.6 kwa lita. Tofauti hiyo haisababishwi na mkono unaotetemeka wala na pipeti mbovu. Ni ya kudumu, inajirudia ileile katika kila kisima, na ndiyo sababu haionekani: marudio yanafanana vizuri, mchoro unapendeza, na kila mtu anaridhika na namba isiyo sahihi.

Kinachoudhi zaidi ni kwamba dawa ya ugonjwa huu imo ndani ya sanduku. Kile kichupa cha paranitrofenoli, ambacho karatasi inakitaja kuwa ni cha hiari, kinamaliza makosa yote mawili kwa pamoja. Andaa visima vya nanomoli 0, 4, 8, 12, 16 na 20, vijaze bafa hadi mikrolita 200, vitie alkali mikrolita 50 kama sampuli, kisha chora ufyonzaji dhidi ya nanomoli za kila kisima. Kisima cha nanomoli 20 kitasoma karibu na 1.04. Tangu hapo huhitaji kujua kina wala kizidishi chochote kama 18.5, kwa sababu viwango na sampuli vimepitiwa na mwanga kwa umbali uleule, katika sahani ileile, kwenye mashine ileile ambayo kichujio chake huenda si cha nanomita 405 kamili. Mstari wangu umekuwa mnyoofu kila mara, na kimiminika cha kichupa hicho kimedumu bila kubadilika kutoka mwanzo wa sanduku hadi mwisho wake. Neno «hiari» ndilo ningelifuta kwanza kama karatasi hiyo ingeletwa kwangu kuhaririwa.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi haikulifikiria, nalo ni iwapo kuna haja ya kusimamisha mmenyuko hata kidogo. Paranitrofenoli hupoteza protoni yake kwenye pH ya karibu 7.15. Kwenye pH 9.8, ambayo ndiyo pH ya bafa ya kifurushi hiki, karibu molekuli zote zimekwisha kuwa njano. Maana yake ni kwamba rangi inajitokeza papo hapo, huku kimeng'enya kikiendelea na kazi, na mashine inaweza kuisoma sahani kila baada ya nusu dakika bila kutiwa alkali yoyote. Hali ni tofauti kabisa kwa fosfatesi ya asidi, inayopimwa kwa sabstreti hiihii kwenye pH ya karibu 4.8: hapo ni kama molekuli moja tu kati ya mia mbili iliyo njano, na bila kutia alkali mwishoni hutaona kitu. Nashuku kwamba mtengenezaji anauza vifurushi vyote viwili na aliyeandika karatasi alinakili hatua za kimoja kwenye kingine.

Kusoma mfululizo kuna faida ambayo haipatikani kwa usomaji mmoja wa mwisho. Kasi ya kimeng'enya tunayoitaka ni kasi ya mwanzo, wakati sabstreti bado ni nyingi na zao halijaanza kuleta vikwazo. Huo ndio msingi ambao Michaelis na Menten waliujenga mwaka 1913, na haujabadilika. Ukisoma mara moja baada ya dakika 30, umepewa nukta moja, na nukta moja haikuambii kama mstari ulikuwa mnyoofu au ulikwisha kupinda dakika ya kumi. Nilipoanza kusoma mfululizo niligundua kwamba sampuli zangu kali zilikuwa zikivuka uwezo wa mashine kabla ya nusu saa kwisha, huku jedwali langu likizionyesha kama zinakaribiana. Inafaa kusema hapa kwamba kikomo katika kifurushi hiki huletwa na mashine kabla ya sabstreti. Kila kisima kina nanomoli 750 za sabstreti. Ufyonzaji ukifika 2.0, zilizotumika ni nanomoli 39 hivi, yaani karibu asilimia 5 tu. Mtu akiona mstari unapinda juu ya hapo, aishuku kwanza mashine, azimue sampuli, na arudie. Sampuli iliyozimuliwa nusu kwa nusu isipotoa nusu ya kasi, kuna kitu hakijakaa sawa.

Anayesoma mfululizo akumbuke kuandaa viwango vyake katika mikrolita 200 bila alkali, ili kina kilingane. Pia aache bafa na sabstreti vipate joto kabla ya kuanza. Vitu vilivyotoka jokofuni vikimiminwa kwenye sahani na kusomwa hapo hapo hutoa mstari unaopanda kwa kasi inayoongezeka kadiri kimiminika kinavyopata joto, na mgeni wa kazi hii hufikiri kwamba amegundua tabia mpya ya kimeng'enya. Visima vya ukingoni huwa na jotoridi tofauti kidogo na vya katikati, kwa hiyo marudio ya sampuli moja yasipangwe yote pembeni.

Kuhusu sampuli, karatasi ina sentensi moja: «inafaa kwa seramu, plazima, na mchujo wa seli.» Sentensi hiyo imewapotezea watu siku nzima za kazi. Fosfatesi ya alkali ni kimeng'enya cha metali. Inahitaji ioni za zinki katika kitovu chake cha kazi na magnesi ya kuisaidia. Plazima iliyokusanywa kwenye mirija yenye kemikali za kuzuia damu isigande za EDTA, sitreti au oksaleti haifai, kwa sababu kemikali hizo huzinyakua ioni hizo na kimeng'enya hunyamaza. Plazima ya heparini inafaa, na seramu inafaa. Mchujo wa seli nao una mtego wake: wengi huosha na kusaga seli katika bafa ya chumvi yenye fosfeti, na fosfeti ni zao la mmenyuko huuhuu ambalo hukalia nafasi ya sabstreti kwenye kimeng'enya. Bafa hiyo kwa kawaida ina fosfeti ya milimola 10. Mikrolita 50 zake katika 200 huacha milimola 2.5 ndani ya kisima, kiasi cha kutosha kuirudisha nyuma kasi. Nimewahi kuifanya kazi hiyo kwa makosa hayohayo na kuhitimisha kwamba seli zangu hazina kimeng'enya. Nilipoziosha kwa bafa ya Trisi, isiyo na fosfeti, kimeng'enya kilikuwepo.

Seramu yenye wekundu wa seli zilizopasuka ni tatizo la aina nyingine. Himoglobini hufyonza mwanga kwa nguvu kwenye nanomita 415 hivi, karibu kabisa na mahali tunaposomea, na bilirubini ya seramu ya njano nayo huingilia. Kwa usomaji wa mwisho kila sampuli inahitaji kisima chake tupu, ambamo alkali inatiwa kwanza na sampuli baadaye. Kwa usomaji wa mfululizo rangi ya sampuli ni ileile tangu mwanzo hadi mwisho, hivyo haiugusi mwinuko wa mstari, ambao ndio tunaoupima.

Kimeng'enya cha kulinganishia ni kizuri lakini lebo yake ni ya ovyo. Imeandikwa «uniti 10 kwa mililita» bila kutaja bafa wala jotoridi. Uniti ya kimataifa, iliyokubaliwa mwaka 1964, ni kiasi cha kimeng'enya kinachobadilisha mikromoli 1 ya sabstreti kwa dakika 1 katika hali zilizotajwa, na maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Tangu mwaka 1999 kipimo rasmi ni katali, moli 1 kwa sekunde, ambapo uniti 1 ni nanokatali 16.67, ingawa ni maabara chache tu kati ya ninazozijua zinazoitumia. Iwe uniti au katali, bila kutaja hali haina maana, na kwa kimeng'enya hiki bafa ni jambo kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Fosfatesi ya alkali huipokea fosfeti kwanza kwenye serini yake (moja ya asidi amino zinazokijenga kimeng'enya), kisha huikabidhi kwa maji. Daiethanolamini ina makundi ya alkoholi yanayoipokea fosfeti hiyo upesi kuliko maji, na kwa hiyo mzunguko mzima huenda kasi zaidi. Kimeng'enya kilekile, siku ileile, kitaonekana kuwa na nguvu zaidi katika bafa hii kuliko katika bafa ya glisini. Njia rejea ya IFCC, shirikisho la kimataifa la kemia ya kitabibu, hutumia alkoholi nyingine, 2-amino-2-methili-1-propanoli, kwenye nyuzijoto 37. Kwa sababu hiyo matokeo ya kifurushi hiki hayawezi kuwekwa kando ya matokeo ya hospitali na kulinganishwa, na kifurushi chenyewe, kwa haki yake, kimeandikwa waziwazi kwamba ni cha utafiti tu.

Wapo watakaouliza kama ni bora kununua kifurushi cha sabstreti inayong'aa. Methiliumbeliferili fosfeti hufanya kazi kwa mtindo uleule, ila kinachoachiliwa humulikwa kwa mwanga wa karibu nanomita 360 na kurudisha mwanga wa buluu wa karibu nanomita 450, na mashine nzuri hukiona katika ukolezo ulio chini mno kuliko njano yetu. Kwa seli chache au sampuli dhaifu sana, huko ndiko pa kwenda. Bei yake ni kwamba mwanga unaorudi hauna namba ya kudumu kama 18.5, bila viwango hakuna jibu kabisa, na kimiminika chenye rangi nzito huumeza mwanga kabla haujatoka. Kwa upande mwingine, yule aliyezoea kupima kimeng'enya kingine, beta-galaktosidesi, kwa orthonitrofenili galaktosaidi, kipimo ambacho Miller alikifanya maarufu mwaka 1972 kwa kazi za bakteria, atashangazwa na ukali wa njano ya kifurushi hiki, maana ile ya kwake, inayosomwa kwenye nanomita 420, ina kizidishi cha karibu 4.5 tu kwa milimola. Mpima kimeng'enya cha tripsini naye anajua shida ya sabstreti yake ya nitroanilidi, ambayo haipendi maji na hulazimika kuyeyushwa kwanza katika kiyeyushi kingine. pNPP huyeyuka majini bila ugomvi, na urahisi huo nautia kwenye mizani.

Kuna mpaka mmoja ambao hakuna kifurushi cha aina hii kinachoweza kuuvuka, na simlaumu mtengenezaji kwa huo, ila namlaumu kwa kutoutaja. Paranitrofenili fosfeti haimo mwilini. Sabstreti za asili za kimeng'enya hiki, kama pairofosfeti inayozuia mifupa isikomae kwa madini au piridoksali fosfeti ya vitamini B6, hazifanani nayo, na pH ya mwili si 9.8. Paranitrofenoli huachia fosfeti kwa urahisi mno, na vimeng'enya kadhaa visivyo na undugu na hiki hukubali kuikata. Kwa hiyo namba inayotoka ni kipimo cha wingi wa kimeng'enya kilicho hai katika sampuli, na hapo inafaa sana. Mtu asiichukue kama kipimo cha kazi inayofanyika ndani ya mfupa au ini. Wala haimwambii kimeng'enya kimetoka wapi. Anayetaka kujua hilo atumie levamisoli, ambayo huzuia aina ya ini na mfupa na kuziacha za utumbo na kondo la uzazi karibu zilivyo, au apashe sampuli joto la nyuzi 65, ambalo aina ya kondo hulistahimili. Levamisoli haimo sandukuni na ingekuwa nyongeza yenye maana kuliko ile kalamu ya zawadi niliyoikuta humo.

Ufungaji ni mzuri, isipokuwa kifuniko cha chupa ya alkali, ambacho katika sanduku la pili kilivuja na kula lebo. Mola 3 za sodiamu haidroksidi si za kuchezea. Onyo limeandikwa kwa herufi kubwa, na vivyo hivyo kwa paranitrofenoli, ambayo ni sumu na hupenya ngozi.

Limebaki suala la vipimo 500 vinavyotangazwa juu ya sanduku. Ni kweli kwamba vimiminika vinatosha visima 500. Lakini kisima si kipimo. Katika kila sahani, viwango sita kwa marudio mawili huchukua visima 12, visima tupu 2, na kimeng'enya cha kulinganishia 2, vinabaki 80. Ukifuata njia ya karatasi, kila sampuli inataka visima viwili vya mmenyuko na kimoja tupu cha kwake, hivyo sahani inabeba sampuli 26 na sanduku zima sampuli 130. Ukisoma mfululizo, kisima tupu cha kila sampuli hakihitajiki, sahani inabeba sampuli 40, na sanduku linafika 200. Mimi nimeagiza sanduku la nne kwa hesabu hiyo ya pili, na karatasi ya maelekezo nimeibandika ndani ya mlango wa kabati ikiwa na mistari miwili iliyokatwa kwa wino mwekundu: ule wa 18.5 na ule wa 200.